Vinaili kwenye ngazi: nunua nosingi kabla ya mbao

Mteja akinipigia kusema "fundi, mbao za vinaili nimeshanunua, njoo unibandikie kwenye ngazi", swali langu la kwanza ni hilo hilo kila siku: nosingi umechukua ipi? Simu inakuwa kimya kidogo. Halafu: "Nosingi ndiyo nini?"

Ni ule ukingo unaovalishwa mdomo wa kidato, pale mguu unapoachia ukiwa unashuka. Sebuleni vinaili, yaani mbao za plastiki za sakafuni, inajilalia yenyewe bila tabu. Kwenye ngazi, mdomo ndio unaopokea uzito, ndipo ubao unapoanza kubanduka, na ndipo mtu anapoteleza. Zipo nosingi za kufunika, zinazokaa juu ya ubao, na zipo zinazolala usawa mmoja na ubao na kushikana nao kwa ulimi. Hizi za pili zinapendeza zaidi, ila lazima ziendane na unene wa ubao wako na kufuli lake, yaani mfereji na ulimi vinavyounganisha ubao na ubao. Niliwahi kuzunguka Kariakoo kutwa nzima natafuta ya kuingia kwenye ubao wa milimita 5 ambao mteja alishaulipia. Nilirudi na soda tumboni na mikono mitupu. Tangu hapo, nosingi kwanza, mbao zifuate.

Nieleze kazi moja ya Goba, Dar es Salaam, nyumba ya ghorofa, maana ilikuwa na karibu kila tatizo. Ngazi ya zege, imenyooka, vidato 15, upana mita 1.05. Pa kukanyagia, ambapo mafundi tunapaita tredi, palikuwa na sentimita 28. Uso unaosimama, yaani raiza, sentimita 17. Chini sebuleni kuna vigae. Juu koridoni tulilaza vinaili hiyo hiyo.

Baba mwenye nyumba alikuwa amepiga hesabu ya mita za mraba za ngazi, akaongeza asilimia 10, ikaja kama mita 8, akanunua maboksi manne. Kila boksi lina mbao 10 za milimita 1220 kwa 180. Kwa sakafu hesabu yake ni safi kabisa. Kwa ngazi, hesabu mbao, achana na mita. Raiza moja inakula ubao mmoja. Tredi inakula mbili, kwa sababu sentimita 28 ni zaidi ya upana wa ubao, na kile kipande kinachobaki cha sentimita saba hivi hakitoshi kwingine. Raiza kwenye ngazi kama hii huzidi tredi kwa moja, maana ya mwisho inaishia koridoni, kwa hiyo 16 kujumlisha 30, mbao 46. Yeye alikuwa nazo 40. Akarudi dukani, na kwa bahati akakuta mzigo wa rangi ile ile. Nosingi za alumini zilikuwa za mita 2.7, kila moja inatoa vipande viwili. Midomo ni 15 na ule wa korido ya juu, jumla 16, kwa hiyo nosingi nane.

Kabla ya kugusa gundi, pima kimo cha kila raiza. Mguu una kumbukumbu: ukishuka vidato vitatu vya sentimita 17, cha nne nacho unakitegemea kiwe 17, na ukikuta tofauti unajikwaa gizani. Ukilaza ubao wa milimita 5 kwenye tredi zote, katikati hakuna kinachobadilika. Vinavyobadilika ni viwili, cha chini kabisa na cha juu kabisa. Cha chini kinaongezeka milimita 5 kama sakafu ya chini haikuongezwa kitu. Cha juu kinapungua hivyo hivyo kama korido imebaki ilivyo. Kanuni za nyumba za makazi za Marekani zinataka raiza ndefu isizidi fupi kwa zaidi ya milimita 9.5 katika ngazi moja, na mimi naitumia hiyo kama kipimo changu hata huku. Goba tulikuwa ndani ya mpaka. Ingekuwa nje, tungeanza na kuchonga zege au kuinua sakafu, na hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine.

Zege lenyewe liwe kavu. Bandika kipande cha nailoni kwa utepe wa gundi wa karatasi pande zote nne, kiache mpaka kesho. Ukikuta matone kwa ndani, subiri; wakati wa masika hili halina ubishi. Midomo iliyomeguka jaza kwa saruji ya kurekebishia, maana skrubu ya nosingi haishiki kwenye zege bovu. Piga msasa, fagia, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke. Mbao nazo zilale ndani ya nyumba siku mbili zikiwa bado kwenye maboksi, zizoee joto la humo.

Jambo la gundi naomba nilisisitize. Sakafuni mbao za kufuli zinaelea, hazigandishwi. Kwenye ngazi hakuna kuelea. Kazi yangu ya kwanza ya ngazi niliziacha zielee nikitegemea nosingi izibane, na haikuchukua muda kufuli la tredi ya tatu likakatika, ubao ukawa unalia kila anayepita. Nilirudia kwa gharama yangu. Ndiyo maana pia sipendi kwa ngazi zile mbao zenye sponji iliyobandikwa chini: ukikanyaga mdomo, sponji inabonyea na kufuli linateseka. Kama duka linazo zisizo na sponji, chukua hizo.

Sasa mpangilio. Wengi hupanda kidato kwa kidato kutoka chini, na kazi inatoka safi. Na mimi niliwahi kufanya hivyo, nikamaliza saa kumi na moja jioni nikiwa juu, gundi mbichi vidato vyote, na nyumba haina ngazi nyingine. Nilishukia barazani kwa ngazi ya mpaka rangi, watoto wa jirani wakishangilia. Siku hizi kazi ya kubandika naigawa siku tatu.

Siku ya kwanza ni raiza zote. Ya chini kabisa inakaa juu ya kigae. Nyingine zote naziinua kwa kuweka chini yake kipande cha ubao na kadi nyembamba, ibaki nafasi ya milimita 6. Kwa hiyo raiza ya sentimita 17 nilikata ubao wa 16.4, ukaja sawa na uso wa zege juu. Ile nafasi ndiyo siri: tredi itaingia chini ya raiza, na ukingo uliokatwa, hata kama msumeno ulitetereka, hauonekani.

Siku ya pili tredi za 1, 3, 5 na kuendelea. Siku ya tatu zilizobaki. Wenye nyumba wanaruka kidato kimoja kimoja na maisha yanaendelea. Mama mwenye nyumba aliniambia, "Fundi, kwa magoti yangu haya?" Nikamwambia mama, usiku mbili tu. Akahamia chumba cha wageni, chini.

Usikate tredi zote kwa kipimo kimoja. Kuta za ngazi hazina skwea, yaani hazikai kwa pembe mraba. Goba, tredi ya 6 na ya 7 zilipishana milimita 9 kwa upana, na ya 11 ilikuwa imepinda kona ya kushoto. Chukua boksi tupu lililokuja na mbao, kata vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja kiguse ukuta wa kushoto, kingine wa kulia, vipandane katikati, uvifunge kwa utepe ule ule wa karatasi. Vitoe hivyo hivyo, vilaze juu ya ubao, chora. Andika namba ya kidato kwa penseli nyuma ya ubao. Dakika mbili kwa kila kidato, na hutatupa ubao hata mmoja.

Ubao mzima ukae mbele, ukingo wake wa mbele ukatwe ulimi; kile chembamba kikae nyuma kwenye raiza. Kukata kwa upana, pitisha kisu mara tatu kisha vunja. Kwa urefu tumia msumeno wa meza, na vaa barakoa, kwa sababu ndani ya ubao huu kuna unga mwingi wa mawe ya chokaa. Huo huo ndio unaomaliza meno ya msumeno. Unganisha vipande viwili mezani viwe kitu kimoja. Gundi ya poliyurethani ya kwenye bomba, mistari ya kupinda-pinda, sentimita tano kutoka kila ukingo, halafu sukuma ubao chini ya raiza na bonyeza kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Gundi ya kontakti siitumii hapa. Ikishagusa haikupi nafasi ya kusogeza. Weka matofali mawili yaliyofungwa gazeti, yakae mpaka kesho.

Nosingi mwisho. Iweke mahali pake kavu kwanza, weka alama za matundu, la kwanza sentimita 5 kutoka mwisho, mengine kila baada ya 20 au 25. Hapa ndipo midomo ya zege inapomeguka, kwa hiyo toboa vinaili na milimita chache za zege bila kuwasha nyundo ya drili, yaani ule mtindo wake wa kugonga-gonga, polepole. Ukiona unga wa kijivu unatoka na biti imekaa imara, ndipo uwashe nyundo. Puliza vumbi tunduni, ingiza plagi ya kushikia skrubu, mstari wa gundi chini ya nosingi, kisha skrubu za kichwa bapa. Kaza kwa mkono zamu ya mwisho. Drili ikikaza yenyewe inapinda alumini, na hilo bonde halitoki. Pitisha kidole: kichwa cha skrubu kikikukwaruza, soksi ya mtoto itanasa.

Pembeni mwa ukuta ziba kwa silikoni ya rangi ya ubao, na futa ziada kabla haijakauka.

Mbao nne zilizobaki Goba nilimwambia mama aziweke chini ya kitanda, zikiwa zimelala. Mzigo wa rangi ile ukiisha dukani, unaofuata hautafanana, na siku pasi ya moto itakapoanguka ngazini atazihitaji.