Mhadhara wa video: shusha ubora wa picha hadi 144
Mnaosoma shahada kwa simu hapa Tanga, video ya mhadhara ikianza bonyeza alama ya gia, ingia kwenye ubora wa picha, chagua 144. Jana nimesikiliza kipindi kizima ndani ya daladala, Pongwe mpaka Ngamiani, na bando bado linapumua. Picha ya 720 ina nukta 1280 kwa 720. Ya 144 ina 256 kwa 144, yaani zimepungua mara 25. Na picha ndiyo mlaji, sauti hula kidogo tu. Ila mwalimu akianza kuandika kanuni ubaoni au kuonyesha jedwali, utaona ukungu mtupu. Pandisha hadi 480 dakika hizo, kisha rudisha. Wa hesabu na takwimu, mtapandisha sana, poleni.