Gari Likitoa Mlio wa Kugonga: Ya Kufanya Kabla Hujalipeleka kwa Fundi

Fundi wa kwanza kusikiliza Toyota IST yangu aliegemea boneti, akapiga resi mara mbili, akatikisa kichwa: "Konrodi hiyo, bosi. Tafuta injini nyingine." Konrodi ni chuma kinachounganisha pistoni na kranki ndani ya injini. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya injini ya mtumba kule Gerezani, Kariakoo, wakati jirani yangu, dereva wa daladala aliyestaafu, alipoingia uvunguni na spana na kukaza boliti ya bati linalokinga joto la ekzosi. Mlio ukaisha palepale. Lakini lawama zote nisimtupie fundi. Nilimpelekea gari na neno moja tu, "linagonga", nikamwachia abuni yaliyobaki.

Siku hizi sipeleki gari popote kabla sijachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Liegeshe mahali pa tambarare, zima injini, subiri dakika 5, futa kijiti, kirudishe, kichomoe tena. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST nyingi, Premio na Probox huchukua takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta, na nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1. Kijiti kikitoka kikavu, ujue zaidi ya robo ya oili haipo, na kelele unayoisikia huenda ni chuma kinacholilia oili. Ongeza, kisha tafuta inakopotelea. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, simama pembeni uzime hapohapo. Usijidanganye kwamba kituo cha mafuta kiko karibu.

Baada ya hapo anza kuuwinda mlio, na kinachotakiwa ni kujua unatokea lini. Liache gari lilale usiku kucha, asubuhi liwashe ukiwa umefungua boneti. Mkwaruzo wa sekunde chache unaotulia wenyewe, kwa injini ya cheni kama 1NZ, mara nyingi ni oili iliyochelewa kupanda au tensheni (kikaza cheni) iliyochoka. Tik-tik inayopungua kadiri injini inavyopata moto inaweza kuwa ekzosi inayovuja kwenye gasketi yake, kwani chuma kikipata joto hutanuka na kuziba upenyo. Ukilipeleka gari saa 6 mchana likiwa limeshatembea, fundi hatasikia chochote kati ya hivyo.

Kisha simamisha gari, weka P, vuta handibreki, upige resi taratibu. Ikiwa mlio unafuata resi gari likiwa limesimama, shida iko kwenye injini au vitu vinavyozungushwa nayo. Ikiwa unakuja tu gari linapotembea, muache fundi wa injini apumzike: mvumo unaobadilika ukikata kona ni wa beringi ya tairi, na ka-ka-ka ukikunja usukani hadi mwisho ni jointi ya shafti ya mbele. Mdundo mmoja mzito unapoingiza gia ya D, hiyo ni mauntingi, mpira unaoishikilia injini. Fanya haya nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wa ekzosi una gesi inayoua bila hata kunuka. Ukivaa kanzu au ushungi mrefu, kaa mbali na mkanda. Feni ya rejeta nayo huweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa.

Mlio wa kulia "kwiii" ni wa mkanda wa feni mara nyingi. Unyunyizie maji kidogo: ukinyamaza kwa muda, mtuhumiwa umempata. Usiponyamaza, fundi autoe mkanda wote na kuwasha injini kwa sekunde chache tu, kwa kuwa kwenye 1NZ pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huo. Kelele ikipotea, zungusha kwa mkono alteneta, pampu na puli. Yenye beringi mbovu utaihisi inakwaruza. Kwa kompresa ya AC hata hiyo haihitajiki, washa na uzime AC usikie tofauti.

Sasa ule mlio wa kugonga wenyewe. Valvu zikilegea hulia kama cherehani, wepesi na wa juu. Konrodi hugonga kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi, sauti inatoka chini kwenye sampu (bakuli la oili) na inazidi ukikanyaga mafuta. Kabla hujakubali kufungua injini, mwombe fundi akate umeme wa koili (inayowasha plagi) ya silinda moja moja, huku injini ikiwa imezimwa wakati wa kuchomoa. Mlio ukipungua sana kwenye silinda fulani, beringi ya konrodi hiyo ina kesi ya kujibu. Hapo usiendeshe tena, liburuzwe. Kama mlio unakuja tu ukiwa umebeba mzigo unapanda mlima wa Kitonga, na ukiachia mafuta unapotea, fikiria kwanza petroli hafifu, injini kupata moto kupita kiasi, au kaboni iliyojaa ndani.

Usikubali kuwekewa oili nzito ya 20W-50 mahali palipotakiwa 5W-30 eti "itatuliza". Itatuliza kweli, hata wauzaji wa magari yaliyochoka wanalijua hilo. Beringi itaendelea kulika kimyakimya.

Rekodi mlio kwa simu, andika ulitokea saa ngapi, gari likiwa la moto au la baridi, AC ikiwa imewashwa au la. Mwombe fundi mzunguke naye kidogo kabla hajashika spana. Mkubaliane mapema kwamba kila spea atakayotoa utaondoka nayo. Mimi huja na mfuko wangu.