Somo: Kusoma matokeo ya kidhibiti kasi cha tabaka la udhibiti kwenye ruta

Mhandisi anayeona neno `drop` kwenye ruta huwa mwepesi wa kuamini kwamba amekwisha kuipata hitilafu, na hapo ndipo utafutaji unapoanza kwenda kombo. Katika kidhibiti kasi cha tabaka la udhibiti, ambacho wengi wetu tunakiita CoPP, na ambacho huzigawa paketi zinazokwenda kwa kichakataji cha ruta katika makundi na kuwekea kila kundi kikomo chake cha kasi, paketi zilizotupwa zaweza kuwa dalili kwamba ruta inajilinda ipasavyo, na pia zaweza kuwa ndizo zinazowachelewesha majirani wa BGP, yaani ruta za mitandao mingine zinazobadilishana njia na yetu. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili mpaka ujue ni kundi gani lililotupa, kama hesabu bado inapanda, na paketi hizo zilikuwa za ukubwa gani. Mfano tutakaoufuata ni wa ruta ya Cisco ya mtoa huduma mdogo hapa Nairobi, iliyounganishwa na KIXP (kituo cha Kenya cha kubadilishana trafiki ya intaneti) upande mmoja, na upande wa pili na mtoa huduma mkubwa anayepeleka trafiki Mombasa kwenye nyaya za baharini.

Hatua ya kwanza: tenganisha trafiki inayopita na trafiki inayoishia kwenye ruta

Video anayotazama mteja wa Rongai hupita kwenye ruta bila kukisumbua kichakataji, na CoPP haiihesabu. Kinachohesabiwa ni kile kinachopelekwa kwa kichakataji chenyewe: BGP kwenye poti ya TCP 179, OSPF (ya njia za ndani ya mtandao) ambayo ni protokali namba 89 ya IP, SSH (ya kuingia kwenye ruta kwa mbali) kwenye TCP 22, SNMP (ya ufuatiliaji) kwenye UDP 161, NTP (ya saa) kwenye UDP 123, ARP (ya kutafuta anwani za vifaa vya jirani), pingi zinazoelekezwa kwenye anwani ya ruta, pamoja na paketi ambazo TTL yake (idadi ya ruta inazoruhusiwa kupita) imeishia hapo. Kwa hiyo mteja akilalamika kwamba intaneti ni nzito jioni, usimjibu kwa hesabu za CoPP, isipokuwa umethibitisha kwamba zimeangusha kikao cha BGP, jirani wa OSPF, au majibu ya ARP.

Hatua ya pili: chukua matokeo mara mbili

Andika `show clock`, kisha `show policy-map control-plane`, uhifadhi matokeo yote. Subiri dakika moja, rudia amri zote mbili, halafu utoe hesabu za kwanza kutoka kwa za pili. Hesabu hizi hujumlishwa tangu ziliposafishwa mara ya mwisho, na kwa sababu hiyo paketi elfu arobaini zilizotupwa zaweza kuwa za tukio la miezi mingi iliyopita. Mstari wa kasi nao ni wastani wa dakika 5, kiasi kwamba mmiminiko wa sekunde mbili unaoweza kuvuruga kikao huenda usionekane humo. Mimi naamini tofauti ya hesabu mbili kuliko mstari huo.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya ukubwa wa paketi

Haya ni matokeo ya kundi la BGP, yaliyochukuliwa baada ya kikao na mtoa huduma mkubwa kurudi hewani:

```
18432 packets, 3274452 bytes
5 minute offered rate 9000 bps, drop rate 0000 bps
police:
    cir 512000 bps, bc 16000 bytes
  conformed 17911 packets, 2507540 bytes, actions:
    transmit
  exceeded 521 packets, 766912 bytes, actions:
    drop
```

Anayesoma haraka ataona kwamba kasi ya kutupa ni sifuri na kuendelea na mambo mengine. Gawanya baiti kwa paketi kwanza. Zilizopita zina wastani wa baiti 140, ilhali zilizotupwa zina wastani wa baiti 1472. Ujumbe wa BGP wa kuthibitisha kwamba jirani yu hai una baiti 19 tu kabla ya kuongezewa vichwa vya TCP na IP, kwa hiyo zilizotupwa hazikuwa salamu hizo. Paketi za baiti 1472 zimekaribia kujaa, na kwenye kikao cha BGP paketi za namna hiyo huwa zimebeba njia zenyewe.

Sasa tazama `cir` (kikomo cha kasi) na `bc` (akiba ya mmiminiko) kwa pamoja. Biti 512,000 kwa sekunde ni baiti 64,000 kwa sekunde, na akiba ya mmiminiko ya baiti 16,000 inatosha paketi 10 tu za baiti 1500 zinazofuatana. Jedwali kamili la intaneti la IPv4 lina njia zaidi ya 900,000. Jirani anayelituma lote hatazituma paketi zake kwa mafungu ya kumi kumi. Atamimina, ya kumi na moja itatupwa, TCP itairudia na kupunguza kasi, na jedwali lililopaswa kupokelewa upesi litajikokota. Kikao hakitaanguka, na hilo ndilo linalowapoteza wengi, kwa kuwa kumbukumbu za ruta hazitaonyesha kosa lolote huku wateja wakisubiri njia zirudi.

Paketi 521 zilizotupwa katika kundi la pingi nisingezijali. Katika kundi la BGP ninazichukulia kuwa hitilafu ya sera, hata kama zimekoma, kwa sababu zitarudi siku kikao kitakapokatika tena.

Hatua ya nne: linganisha na kichakataji

Amri ni `show processes cpu sorted`. Mstari wa juu ukisema `92%/11%`, namba ya kwanza ni kazi yote na ya pili ni sehemu iliyotumika kwenye katizo (interrupt), kwa hiyo 81% inaliwa na michakato. Kichakataji kikiwa shwari huku kundi la mwisho, `class-default`, linalopokea paketi zisizo za kundi jingine, likitupa kwa wingi, sera inafanya kazi yake. Mchakato wa `IP Input`, unaoshughulikia paketi za IP zinazofika kwa kichakataji, ukiwa juu na hakuna kundi linalotupa, basi kuna trafiki inayopita kwenye kundi lililoachwa wazi mno.

Hatua ya tano: rekebisha kundi moja, usiondoe sera

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona sera nzima ikiondolewa usiku ili tatizo litulie, kisha isirudishwe tena. RFC 6192, waraka wa kiufundi wa intaneti wa Machi 2011, inaeleza vizuri kwa nini ruta isiyo na ulinzi huu inaweza kuzimwa na trafiki ndogo tu iliyolengwa. Ukiwa na shaka na kundi, badilisha kitendo cha kuzidi kiwe `transmit` kwa kundi hilo pekee, uache hesabu za `exceeded` ziendelee kupanda bila kumwumiza mtu, kisha uweke kikomo kipya kulingana na ulichokipima.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kasarani:* Mwalimu, asante kwa somo. Mteja wetu ametuma matokeo ya `traceroute` (amri inayoonyesha kila ruta iliyo njiani) kwenda London yanayoonyesha kwamba ruta yetu inapoteza zaidi ya nusu ya paketi, ila vituo vinavyofuata viko sawa. Nimjibu nini?

Mweleze kwamba upotevu wa kweli kwenye ruta yenu ungeonekana pia katika kila kituo kinachofuata mpaka London. Hapo ruta inasafirisha paketi zake zote, lakini inakataa kujibu kila moja ambayo TTL yake imeisha, na ni sawa ifanye hivyo. Jambo linalofanana na hilo hutokea ruta ya Cisco inapokuwa ndiyo mwisho wa safari: jaribio la pili kati ya matatu mara nyingi huonyesha nyota, kwa sababu IOS, mfumo endeshi wa Cisco, kwa kawaida hutoa jibu moja la kutofikika kwa kila milisekunde 500.

*Mwanachama wa Ruaka:* Kikao kimoja cha BGP kinahesabiwa kwenye kundi lake na kingine kinaangukia `class-default`, ilhali orodha ya ruhusa ni ileile.

Kaka, angalia kama orodha ina mistari miwili. Jirani akianzisha kikao, poti 179 iko upande wa mwishilio. Ruta yako ikianzisha, majibu ya jirani yanakuja na 179 upande wa chanzo. Unahitaji `permit tcp any any eq 179` na pia `permit tcp any eq 179 any`, na badala ya `any` weka anwani halisi za majirani. Ukiona kundi lenye sifuri tupu, chunguza pia kama ni `match-all` (paketi lazima itimize masharti yote) lenye orodha mbili zisizoweza kutimizwa na paketi moja.

*Mwanachama wa South B:* Mwalimu, niliweka `deny` kwa anwani inayotusumbua kwenye orodha ya kundi la SSH, lakini bado inatufikia.

Dada, kwenye CoPP `deny` haitupi paketi. Inasema tu kwamba paketi hiyo si ya kundi hili, kwa hiyo inashuka hadi kundi linalofuata na huenda ikaruhusiwa huko. Tengeneza kundi jingine juu ya lile la SSH, uiandike anwani hiyo kwa `permit`, na kitendo chake kiwe kutupa.

*Mwanachama wa Embakasi:* Sisi tunatumia swichi za Cisco Nexus na ruta za Juniper MX. Hatua ni zilezile?

Mantiki ni ileile. Kwenye Nexus amri ni `show policy-map interface control-plane`, na kikomo hufanya kazi kwa kila moduli peke yake, kwa hiyo soma hesabu za kila moduli kabla ya kujumlisha. Kwenye MX anza na `show ddos-protection protocols violations`, kisha ingia ndani ya protokali iliyotajwa.