Wajerumani na Waingereza Afrika Mashariki, 1914–1918: kuziunda tofauti zao kwenye mchezo wa mkakati

Achana na "Mjerumani: mapigano +20%". Bonasi hiyo haielezi kwa nini Waingereza walishindwa Tanga Novemba 1914, wakaiteka Reli ya Kati 1916 wakisaidiwa na Wabelgiji, na bado von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaweka silaha chini Novemba 1918 tu. Tofauti itokane na kile ambacho kila upande umekikosa.

1. Ramani. Kigae kimoja kilomita 50, zamu moja wiki mbili.

2. Mapato. Mwingereza anapata risasi bila kikomo bandarini Mombasa. Mjerumani amezibwa baharini: mpe meli mbili tu, Rubens (Aprili 1915) na Marie (Machi 1916). Baada ya hapo ateke risasi za adui, kama alivyoziteka za Wareno huko Ngomano, Msumbiji, Novemba 1917. Chakula na kwinini (dawa ya malaria) avipate humo nchini.

3. Wapagazi. Hapa ndipo mchezo unaposimama au kuanguka. Anza kwenye LibreOffice Calc (programu ya majedwali ya hesabu) kabla ya kuandika msimbo wowote. Makosa utayaona mapema.

Mpagazi abebe kilo 25, ale kilo 1 kwa siku, atembee kilomita 25. Kigae ni siku mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo:

kinachofika = 25 − (4 × vigae)

Kigae cha sita kinapokea kilo 1. Cha saba, hakuna kitu.

Usitumie asilimia kwa kila kigae. Namba haifiki sifuri kamwe, na jeshi litatembea hadi Ruvuma bila ghala hata moja.

Ghala ndilo linalobadilisha hesabu, kwa sababu mzigo unaanza upya ukiwa umejaa. Kufikisha kilo 17 kigae cha sita bila ghala kunakula siku za kazi 408 (wapagazi 17 kwa siku 24). Ukiweka maghala kigae cha pili na cha nne, zinatosha kama 37. Lakini ghala lazima lijazwe kwanza kwa kanuni hiyohiyo, tena lilindwe. Likichomwa, safu yote ya mbele inakosa chakula zamu inayofuata.

Masika yakipunguza mwendo kwa nusu, weka 8 badala ya 4: mwisho ni vigae vitatu.

Wapagazi watoke vijijini, na mavuno ya hapo yapungue. Vifo vyao vionekane kwenye ubao wa matokeo. Upande wa Waingereza pekee vinakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, na mchezo unaovificha unadanganya.

4. Maradhi. Farasi wafe upesi kwenye vigae vya mbung'o. Vikosi vya Afrika Kusini, vya upande wa Waingereza, vipungue kila zamu kwa malaria. Hilo litamlazimisha mchezaji kuikuza KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), iliyotoka batalioni 3 hadi 22.

5. Jaribio. Iache kompyuta icheze pande zote mbili. Mjerumani akiisha kabla ya 1917, kagua hatua ya 3 kwanza. Usimwongezee nguvu ya mapigano.