Somo: Kupanga vitabu vya maktaba ya madrasa, kuanzia daftari hadi rafu

Asalaam alaikum. Wengi mmeniuliza tulivyopanga vitabu vya madrasa yetu hapa Mkomani, Lamu. Havifiki mia tano, lakini kazi ilituchukua likizo nzima, na nusu ya muda huo ni kurekebisha tulichokosea mwanzoni.

Toeni vitabu vyote kabatini, mviweke juu ya mkeka, pangusa vumbi. Msianze kupanga. Anzeni na daftari kubwa la mistari: namba, tarehe ya kupokea, jina la kitabu, mtungaji, juzuu, kimetoka kwa nani, ni wakfu au si wakfu. Kila juzuu ina namba yake, na namba haipewi kitabu kingine hata cha kwanza kikipotea. Kabla hatujawa na daftari tuliazimisha juzuu ya pili ya tafsiri, na mpaka leo hatujui iko nyumba gani. Zile nyingine zimesimama rafuni na pengo lao. Safu ya wakfu msiiruke: kitabu cha wakfu hakiuzwi, na mara nyingi sharti la mwenyewe liko ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake. Lisomeni, mlinakili.

Sasa mtungaji, na hapa ndipo penye kazi. Majina kwenye jalada ni marefu, nasi tunamjua mtu kwa jina moja tu. Ukiandika "Ibn Hajar" umeandika watu wawili: al-Asqalani wa hadithi, aliyefariki 852 Hijria, na al-Haytami wa fiqhi ya Kishafii, aliyefariki 974. Nawawi nao ni wawili. Imamu Nawawi wa Sham alifariki 676. Sheikh Nawawi wa Banten, kisiwa cha Java, ni wa juzi tu, karne ya 19 ya miladi, naye ndiye aliyeisherehesha, yaani aliyeiandikia kitabu cha kuifafanua, Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi wanachokisoma watoto wetu. Sisi tuliwaweka pamoja, mpaka mwanafunzi mmoja akauliza vipi Imamu amesherehesha kitabu kilichotungwa miaka mia kadhaa baada yake. Alisema kweli. Tangu siku hiyo tunaandika jina mashuhuri, nisba (jina la kwao au ukoo wake), na mwaka wa kufariki. "Al" ya mwanzo haihesabiwi katika kufuatanisha herufi. Al-Haytami yuko kwenye H.

Chapa za zamani za Misri zifungueni katikati mzitazame vizuri. Utakuta sherehe, yaani ufafanuzi, imejaa ukurasa, na pambizoni kitabu kingine kabisa, pengine cha mtungaji mwingine. Jalada linataja kimoja. Daftarini ni mstari mmoja, lakini kila kitabu kilichomo kiandikieni kadi yake ya kutafutia, la sivyo kile cha pambizoni hakuna atakayekijua.

Mwaka wa Hijria tukitaka kuukadiria kwa miladi tunauzidisha kwa 0.97 kisha tunaongeza 622. Kilichopigwa chapa 1344 kinaangukia 1925 au 1926.

Mgawanyo: maktaba kubwa hutumia namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada. Humo dini ni 200, Ukristo umechukua sehemu kubwa kuanzia 220, na Uislamu karibu wote umebanwa kwenye 297. Kwetu karibu kabati zima lingekuwa 297 yenye desimali ndefu asizozikumbuka mtoto. Tukafuata fani kama zinavyosomeshwa: Q Kurani na tajwidi, T tafsiri, H hadithi, A akida, F fiqhi, S sira na tarehe (historia), L nahau na sarfu, M maulidi na tenzi, K vya skuli. Lebo ina fani, herufi tatu za mtungaji, na namba ya daftari: F HAY 57. Ibandikeni chini ya mgongo, zote kimo kimoja.

Rafuni, misahafu juu kabisa na kisiwekwe kitu juu yake. Kuta zetu za matumbawe hunyonya unyevu, kwa hiyo sogezeni kabati upana wa kiganja, na rafu ya chini isiguse sakafu. Kila mwezi angalieni nyuma kwa ajili ya mchwa. Kitabu kishikwe kiunoni, si kuvutwa kwa kichwa cha mgongo. Ndipo jalada linapoanza kuchanika.

MASWALI

Ustadhi, Malindi: Maalim, vya Kiarabu na Kiswahili tuvitenge?
Jibu: Hapana, ustadhi wangu. Anayetafuta hukumu ya funga avikute pamoja. Ila chagueni upande mmoja wa kuanzia. Sisi tunaanza kulia, kwa kuwa vingi ni vya Kiarabu.

Mama wa mwanafunzi, Langoni: Misahafu iliyochakaa je?
Jibu: Dada yangu, jaani haiendi. Wanavyuoni wametaja kuzika mahali safi, na kuchoma pia. Muulizeni sheikh wenu. Daftarini andikeni "umetolewa" na tarehe.

Mwalimu wa kike, Malindi: Kompyuta haitoshi, Maalim?
Jibu: Inasaidia sana kutafuta. Lakini daftari halizimiki umeme ukikatika. Wekeni vyote viwili.

Kijana, Lamu: Shikamoo Maalim. Babu ametuachia hati za mkono ndani ya sanduku. Tuzibandike lebo?
Jibu: Marahaba mwanangu. Usibandike chochote, wala usizitie selotepu, gundi yake hula karatasi. Za Msikiti wa Riyadha hapa kwetu zilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza, na zinasomeka kwenye intaneti. Kwa sasa zifunge kwa kitambaa safi cha pamba, namba iandike kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni, kisha njoo nacho tukiingize daftarini baada ya alasiri.