Hita ya kuhifadhi joto: ichaji usiku, ikupashe jioni

Uingereza, hita hizi zina faida tu ukiwa na mkataba wa umeme wa bei mbili kama Economy 7, wenye saa 7 za nafuu usiku. Uliza kampuni yako saa zenyewe, maana hutofautiana kwa eneo. Mita nyingi za zamani hazifuati saa za kiangazi, saa zinaposogezwa mbele kwa saa moja: nafuu ya saa sita na nusu usiku wakati huo huanza saa saba na nusu.

Kabla ya kulala, zungusha kitufe cha 'Input' (joto la kuhifadhi) kulingana na baridi ya kesho, na cha 'Output' (joto linalotoka) kirudishe chini kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea. Kikiachwa wazi, matofali ya ndani humwaga joto usiku kucha, na jioni hita imepoa. Kifungue jioni tu.

Asubuhi gusa hita. Ikiwa baridi, usikimbilie 'Boost' (kupasha papo hapo), inakula umeme wa mchana. Angalia mita wakati wa nafuu: namba ya mchana ikipanda hita zikichaji, swichi ya saa ina kasoro, mwite fundi wa kampuni.

Usianike nguo juu yake kamwe. Zinaweza kushika moto.