Kuchukua Taarifa ya Manusura Bila Kumtonesha Kidonda

Manusura wa ubakaji anapofika kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi, iwe Kisumu mjini au Ahero, mwandikie nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha umpeleke hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu za dawa hizo. Taarifa ndefu inaweza kungoja. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, maana plastiki hufungia unyevu unaoharibu ushahidi, na aletewe nguo za kubadilisha ili asirudi nyumbani amejifunga leso ya kuazima.

Mahojiano yafanyike faraghani. Mweleze wewe ni nani, unaandika nini na nani atakayesoma, kisha umwachie achague pa kukaa, kwani wengi hutulia wakiuona mlango. Mwambie aanzie popote anapokumbuka. Kiwewe huvuruga namna akili inavyohifadhi tukio, hivyo mtu anaweza kukumbuka harufu ya mafuta ya taa na redio iliyokuwa ikilia kwa jirani, asikumbuke kama ilikuwa saa mbili au saa nne usiku. Andika harufu na redio hiyo, wala pengo la saa usilihesabu kuwa uongo. Swali la "mbona hukupiga kelele?" liache kabisa, kwa sababu mwili huweza kuganda kwa hofu. Muulize mwili wake ulikuwaje wakati ule.

Lugha ndiyo inayoharibu kesi nyingi, na sisi wenyewe hatuitilii maanani inavyostahili. Mama anasimulia kwa Dholuo, afisa anaandika kwa Kiingereza, na kwa staha mama anasema tu kwamba "alinifanyia tabia mbaya." Yaandike maneno hayo kama yalivyotamkwa, kisha umuulize kwa upole yana maana gani na ni sehemu gani ya mwili iliyoguswa, na kabla hajatia sahihi umsomee yote kwa lugha yake. Usipofanya hivyo, kosa la tafsiri litaonekana kana kwamba ni yeye anayebadilisha maneno mbele ya hakimu, wakili wa mshtakiwa atakapomhoji.

Mwendesha mashtaka naye aombe mapema ulinzi unaotolewa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya 2006, ili shahidi aliye hatarini atoe ushahidi nyuma ya pazia, kupitia msaidizi au katika kikao cha faragha. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi hizi kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikiandika sababu zake. Siku chache kabla ya kikao, muoneshe chumba cha mahakama kikiwa kitupu: kizimba, kiti cha hakimu, na mahali atakaposimama. Kesi ikiahirishwa, mpigie simu kabla hajapanda matatu kutoka Muhoroni.